Matembezi Mepesi ya Ufukweni Hupangwa kwa Saa ya Maji

Mtu anayetaka kutembea ufukweni karibu na mji mdogo kwa kawaida huanza kwa kuuliza urefu wa njia, kana kwamba ufuko ni barabara iliyolala mahali pamoja siku zote. Swali hilo si baya, lakini kwa maoni yangu linapaswa kuja la tatu au la nne. Kilomita sita za ufuko zinaweza kuwa matembezi ya starehe ambayo bibi na mjukuu wake watayamaliza wakizungumza, na kilomita hizo hizo, saa chache baadaye, zinaweza kuwa mwendo wa kuhangaika juu ya mchanga tifutifu ulioinama, huku mawimbi yakimsogeza mtembezi kwenye miamba. Umbali haukuongezeka hata hatua moja. Maji ndiyo yaliyosogea. Kwa sababu hiyo mimi hupanga matembezi ya namna hii kuanzia kwenye jedwali la kupwa na kujaa, na baada ya hapo ndipo ninapoitazama ramani, hali ya hewa na viatu.

Katika sehemu nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, ambao ndio muda unaopita mpaka mwezi urudi mahali pale pale angani juu ya kichwa cha mtazamaji. Kwa hiyo tangu maji yajae kabisa hadi yapwe kabisa hupita muda wa saa sita na dakika 12 hivi, na kila siku mpangilio wote husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wake huungana na ule wa jua, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Bamvua kubwa kuliko zote za mwaka kwa kawaida huangukia karibu na Machi na Septemba. Zipo pwani, kama baadhi ya zile za Ghuba ya Mexico, ambako maji hujaa na kupwa mara moja tu kwa siku. Zipo nyingine, kama sehemu nyingi za Mediterania, ambako tofauti haifiki nusu mita. Na katika Ghuba ya Fundy, nchini Kanada, tofauti hiyo inaweza kufika mita 16. Jedwali la mji mmoja, basi, haliazimwi kwa ajili ya mji mwingine, hata kama miji hiyo inatazama bahari moja.

Miji midogo mara nyingi haina jedwali lake yenyewe. Jedwali hutolewa kwa bandari kubwa iliyo karibu, kisha huwekwa marekebisho ya dakika kadhaa mbele au nyuma kwa ajili ya vituo vidogo, na marekebisho hayo ni wajibu wa msomaji kuyatafuta na kuyaongeza. Panapokuwa na utaratibu wa kusogeza saa mbele majira ya joto, ni lazima pia kuhakikisha kama jedwali limekwisha kulizingatia jambo hilo au bado. Saa mara nyingi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 07:20 ni saa moja na dakika 20 asubuhi, na ninashauri saa hizo zibadilishwe na kuandikwa upya pembeni kabla ya kuwatangazia wenzako. Katika mambo mengine kuchanganya mitindo miwili ya kusoma saa humchelewesha mtu tu, lakini hapa tofauti ya saa sita ndiyo ile ile inayotenganisha maji yaliyopwa na maji yaliyojaa, kwa hiyo mtu atafika ufukweni wakati ulio kinyume kabisa na ule alioukusudia.

Kando ya saa huandikwa kimo cha maji kwa mita. Kimo hicho hakipimwi kutoka sakafu ya bahari wala kutoka wastani wa usawa wa bahari. Katika nchi nyingi hupimwa kutoka kiwango cha chini ambacho maji hushuka chini yake kwa nadra sana. Ndiyo sababu maji yaliyopwa yenye kimo cha mita 0.3 huacha wazi eneo kubwa la mchanga, na yaliyopwa yenye kimo cha mita 1.2 mahali pale pale huacha ukanda mwembamba tu. Neno “kupwa” katika jedwali halitoshi, basi, kumhakikishia mtu kwamba kuna pa kukanyaga. Toa kimo cha kupwa katika kimo cha kujaa, upate tofauti yake, na siku hiyo utakuwa umeifahamu kwa kiasi kikubwa kabla hujatoka nyumbani.

Kuchagua siku kuna siri moja ambayo wavuvi wanaijua bila karatasi, lakini wageni wa pwani wengi hawaijui: mahali pamoja, maji ya bamvua hupwa karibu saa ile ile ya siku, mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka. Kama katika mji fulani bamvua hupwa kabisa karibu na saa tano kasorobo asubuhi, basi itakuwa hivyo kila bamvua, na kila mara maji mafu yatapwa karibu na saa kumi na moja jioni. Mtu akishaijua saa hiyo moja, anaweza kukadiria hali ya ufuko kwa kuutazama mwezi tu. Tuseme siku ya bamvua maji yanapwa kabisa saa nne na dakika 40 asubuhi. Hapo ufuko ni mpana kweli, lakini matembezi yataendelea hadi karibu na adhuhuri, wakati jua ni kali. Siku nne kabla yake, kwa makadirio ya dakika 50 kwa siku, maji yatakuwa yamepwa kabisa karibu na saa moja na dakika 20 asubuhi. Ufuko utakuwa mwembamba kidogo, lakini hewa itakuwa ya baridi na mchanga bado haujapata moto. Kwa matembezi mepesi mimi naichagua siku hiyo ya pili bila kusita. Watu husifia bamvua kwa sababu ya upana wa ufuko, nami nakiri upana huo unapendeza, ila anayetembea mguu mbele ya mguu hahitaji mita mia mbili za mchanga upande wake wa kulia. (Dakika 50 ni wastani: karibu na bamvua kusogea huwa kudogo kuliko hapo, na karibu na maji mafu huwa kukubwa zaidi, kwa hiyo makadirio ya kichwani ni ya kuchagulia wiki, na saa yenyewe hutolewa na jedwali.)

Baada ya siku kupatikana, kinachofuata ni kuyapanga matembezi yenyewe kabla na baada ya saa ya maji kupwa kabisa. Mabaharia wanayo kanuni ya zamani ya kugawa tofauti ya kimo katika sehemu 12: katika saa ya kwanza baada ya kupwa maji hupanda sehemu moja, saa ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja, ya tano mbili, na ya sita moja. Ni makadirio yanayofaa pale maji yanapojaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa utaratibu wa kawaida. Kwa mfano wa tofauti ya mita 2.4, kila sehemu ni sentimita 20. Ufuko ulioinama kwa kiasi cha mita moja kwa kila mita 50 za upana utaliwa na maji mita 10 tu katika saa ya kwanza baada ya kupwa, lakini katika saa ya tatu peke yake maji yatapanda sentimita 60 na kula mita 30 za mchanga. Tazama jinsi hesabu hiyo inavyoamua mambo: anayeondoka saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, akageuza yanapopwa, na akarudi ndani ya saa moja inayofuata, ametembea saa mbili nzima juu ya ufuko ambao karibu haukubadilika. Katika mfano wetu ataanza saa kumi na mbili na dakika 20, ikiwa kumepambazuka, na atakuwa amerudi saa mbili na dakika 20. Aliyeendelea kulala na kuanza saa mbili baadaye atakutana na maji yanayokwenda kasi kuliko wakati mwingine wowote njiani mwa kurudi.

Jedwali hukokotolewa kutokana na mwendo wa mwezi na jua, kwa hiyo halijui lolote kuhusu tufani. Kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, inaposhuka kwa hektopaskali moja (kipimo chake katika utabiri wa hali ya hewa), usawa wa bahari hupanda kwa takriban sentimita moja, na upepo mkali unaovuma kuelekea nchi kavu huongeza juu yake. Siku ya hali mbaya ya hewa maji yanaweza kuwa juu ya makadirio kwa makumi ya sentimita, na kwenye ufuko ulio bapa makumi hayo ni mita nyingi za upana. Utabiri wa mawimbi nao una jambo la kuangaliwa. Kimo kinachotangazwa kwa kawaida ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, na katika muda wa saa chache linaweza kuja wimbi moja lenye kimo kinachokaribia mara mbili ya hicho. Anayepita juu ya miamba iliyolowa na afikirie wimbi hilo, hata kama mengine yote aliyoyaona tangu afike yalikuwa ya upole.

Sasa mchanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kutembea juu ya mchanga mkavu uliolegea hutumia nguvu za mwili mara 2.1 hadi 2.7 ya zile zinazotumika kwenye sakafu ngumu kwa mwendo ule ule. Sehemu ya kazi hiyo hupotea kwa kuusukuma mchanga wenyewe, ambao huteleza nyuma kila unapoukanyaga. Mchanga uliolowa kiasi ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa tabaka jembamba la maji kati ya chembe huzivuta na kuzishikanisha, na ndiyo sababu ukanda ulioachwa na maji hivi punde ni mgumu na wa kupendeza kutembelea. Mchanga wenye chembe laini hufanya ufuko bapa na mgumu. Wenye chembe kubwa hupitisha maji upesi, hulegea, na hufanya ufuko ulioinama sana. Huko Daytona Beach, Marekani, ukanda wa mchanga laini uliolowa ulikuwa mgumu kiasi kwamba mwaka 1935 dereva Mwingereza Malcolm Campbell aliendesha gari juu yake kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 440 kwa saa. Na ukiwahi kuona mchanga uliolowa unavyoonekana kukauka ghafla kuzunguka unyayo wako, ujue hiyo ni tabia ya chembe zilizopangana vizuri: zinapobanwa hulazimika kuachana kidogo, nafasi kati yao huongezeka, na maji ya juu huzama ndani. Mwanasayansi Osborne Reynolds aliieleza tabia hiyo mwaka 1885, na ninaona ni ajabu nzuri ya kumwonyesha mtoto aliyeanza kuchoka.

Kuinama kwa ufuko hakupewi uzito unaostahili. Mtu anayekwenda upande mmoja kwa saa nzima, mguu mmoja ukikanyaga juu na mwingine chini, huanza kuumwa kifundo, goti au nyonga, hasa kama ana umri mkubwa. Dawa yake ni kuutafuta ukanda ulio bapa zaidi, ambao wakati maji yamepwa kwa kawaida huwa karibu na maji, na kurudi kwa njia ile ile, kwa sababu mguu uliokuwa juu wakati wa kwenda utakuwa chini wakati wa kurudi. Kwenda na kurudi kwa njia moja hudharauliwa kama kwamba ni kukosa ubunifu. Mimi nautetea mtindo huo: mwanga umebadilika, upepo unakupiga upande mwingine, na kila hatari ya njiani umekwisha kuiona.

Ramani huja baada ya hayo, na ramani ya picha za setilaiti inahitaji kushukiwa kidogo. Picha ilipigwa wakati fulani wa maji ambao hautajwi, na ikiwa ilipigwa yalipokuwa yamepwa, utaona njia pana ya mchanga mweupe kuzunguka rasi ambayo kwa nusu ya siku haipo. Kinachofaa kutafutwa kwenye picha hiyo ni vitu visivyosogea: miamba, kuta za kuzuia mawimbi, midomo ya mito, na zaidi ya yote njia za kutokea ufukweni kwenda nchi kavu. Mimi hutia alama kila mahali pa kutokea, kisha hutazama sehemu iliyo ndefu kuliko zote isiyo na pa kutokea. Sehemu hiyo ndiyo inayoamua kama matembezi ni mepesi au la, maana panapokuwa na kilomita mbili za jabali wima upande mmoja na bahari upande wa pili, hakuna wepesi hapo, hata kama mchanga ni laini kama unga. Chini ya jabali la namna hiyo pia si mahali pa kupumzikia, kwa kuwa mawe huanguka, hasa baada ya mvua nyingi. Rasi ambayo hupitika maji yanapokuwa yamepwa tu ni bora ipitwe maji yakiwa bado yanashuka, ili atakayechelewa upande wa pili awe na muda wa kurudi. Na kama safari inahitaji rasi mbili za namna hiyo, basi ibaki kwa siku nyingine na kwa watu wengine.

Ufuko ulio bapa sana una hatari yake ambayo haionekani kwa macho. Maji hayaji kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka mbele. Hupita kwanza kwenye mifereji na mabonde madogo, na yanaweza kujaza mfereji ulio nyuma yako wakati wewe umesimama juu ya tuta lililo kavu. Katika Ghuba ya Morecambe, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, watu wasiopungua 21 waliokuwa wakiokota kombe walikufa usiku wa tarehe 5 Februari 2004 baada ya kuzingirwa na maji yaliyokuwa yakijaa. Huko hadi leo kuna mwongozaji rasmi wa kuvusha watu juu ya michanga hiyo. Kwa matembezi mepesi kanuni yangu ni kutembea sambamba na nchi kavu, na kutouvuka mfereji wowote kwenda upande wa bahari, hata uwe na maji ya kulowesha vidole tu.

Midomo ya mito na hori ni mahali pa kufanya uamuzi mapema. Kijito kinachovukika maji yakiwa yamepwa kinaweza kuwa kimefika kiunoni baada ya saa tatu, na chini yake mara nyingi kuna tope linalodidimiza miguu. Ndani ya hori maji huchelewa kupwa ikilinganishwa na ufuko wa wazi, kwa hiyo saa ya jedwali haifai sawasawa hapo. Baada ya mvua kubwa maji ya mto hubeba uchafu wa mji, na mamlaka za afya katika nchi nyingi hushauri watu wasiingie katika maji hayo kwa siku moja hadi tatu. Kama kuna daraja, hata likirefusha njia kidogo, nalipendelea. Kama hakuna, mdomo wa mto huwa ndio mahali pazuri pa kugeuzia.

Hapo sasa ndipo swali la umbali linapopata nafasi yake. Kundi lenye mtoto au mzee hutembea takriban kilomita tatu kwa saa juu ya mchanga mgumu, pamoja na kusimama kuangalia hiki na kile, kwa hiyo saa mbili ni kilomita sita, tatu za kwenda na tatu za kurudi. Mahali pa kugeuzia naona pawekwe kwa saa badala ya alama ya ardhi: ikifika saa fulani kundi linageuka, popote lilipo. Alama ya ardhi, kama mti au mwamba, huwatia watu tamaa ya “tufike pale tu”, na wakishafika huona kitu kingine mbele.

Mji mdogo ni msingi mzuri wa matembezi kama haya. Ufuko uko karibu na mahali pa kushukia, watu wanaoijua bahari hawako mbali, na msongamano ni mdogo. Upungufu wake ni usafiri: gari la mwisho linaweza kuondoka mapema, na huduma nyingi hufungwa wakati usio wa msimu, pamoja na vyoo na mabomba ya maji. Ratiba ya kurudi nyumbani inapaswa kusomwa siku moja na jedwali la maji, kwa sababu maji yanayopwa jioni huweza kumfanya mtu akose gari la kurudia. Inafaa pia kuuliza kuhusu haki ya kupita. Katika nchi nyingi ukanda unaofunikwa na maji yanapojaa ni wa umma, lakini njia ya kuufikia inaweza kupita katika ardhi ya mtu binafsi, eneo la jeshi au hifadhi. Mtu wa kuulizwa ni yule anayefanya kazi baharini, na swali lenye jibu la kufaa ni la mahali na wakati mahususi: “Saa tatu asubuhi, pale kwenye rasi, mtu hupita kwa miguu mikavu?” Ukiuliza kwa jumla kama ufuko ni salama utajibiwa kwa jumla vilevile.

Kuhusu upepo, siku za jua nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, hewa ya nchi kavu hupanda, na ile ya baharini huja kuchukua nafasi yake. Upepo huo kwa kawaida huanza kabla ya adhuhuri na kufikia ukali wake alasiri, jambo ambalo ni sababu nyingine ya kupenda asubuhi. Panapokuwa na upepo unaovuma kufuata ufuko, ni afadhali kwenda ukiwa umeukabili na kurudi ukiwa unakusukuma mgongoni, wakati miguu imechoka. Ubaridi wake unadanganya kuhusu jua. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mchanga mkavu wa ufukweni hurudisha takriban asilimia 15 ya mionzi ya urujuanimno (ile ya jua inayounguza ngozi), na povu la bahari asilimia 25 hivi, kwa hiyo kofia pana peke yake haikingi kidevu na shingo. Nguo ya mikono mirefu na losheni ya kukinga jua zinahitajika pia. Maji ya kunywa ya nusu lita kwa kila mtu kwa kila saa yanatosha katika hali ya joto la kawaida, na yabebwe yote tangu mwanzo.

Miguu mitupu inafaa kwenye ukanda uliolowa usio na vipande vya chupa. Mchanga mkavu wa juu, mchana wa jua kali, unaweza kuzidi nyuzi joto 50 na kuunguza nyayo, kwa hiyo hata anayependa kutembea peku na abebe ndala za kuvukia. Panapokuwa na miamba, matumbawe au mwani unaoteleza, kiatu chepesi chenye kamba na soli inayoshika ni bora kuliko ndala, na pia hukinga dhidi ya wanyama wenye miiba waliojificha katika madimbwi. Konyeza aliyesukumwa ufukweni anaweza kuwasha hata baada ya kufa, na watoto waambiwe hivyo kabla hawajamwona, kwa maana akishaonekana maneno hayasikilizwi. Kumbukumbu nyingine ya msimu ni viumbe wanaotaga. Mayai ya kasa hukaa mchangani takriban miezi miwili, na ndege wengi wa pwani hutaga juu ya mchanga mtupu, ambapo mayai hayatofautiani na changarawe. Wote wawili hutaga juu ya mstari wa maji yaliyojaa, kwa hiyo anayetembea kwenye ukanda uliolowa hana haja ya kufikiria sana, ila anayekatiza kwenye matuta ya mchanga ili kufupisha njia anaweza kukanyaga kiota bila kujua.

Sababu za kuahirisha ni chache na ni bora zikubaliwe na kundi zima kabla ya siku yenyewe. Ngurumo ni moja: ikiwa kati ya umeme na mlio hazipiti sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na ufukweni mtembezi ndiye kitu kirefu kuliko vyote, toka, na usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ukungu mzito ni sababu ya pili, kwa kuwa huficha njia za kutokea. Ya tatu ni ya nadra, ila aliyesoma jedwali ndiye aliye tayari zaidi kuitambua. Bahari ikianza kurudi nyuma kwa kasi wakati usio wake, au ardhi ikitikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, inawezekana tsunami inakuja, na jambo la kufanya ni kupanda mahali pa juu mara moja bila kungoja tangazo. Katika baadhi ya fukwe za Bahari ya Hindi, tarehe 26 Desemba 2004, maji yalirudi nyuma kwanza na kuacha samaki wazi, na wapo waliosogea kuwatazama.

Kuna kazi moja ndogo ya kufanya siku yenyewe, nayo huchukua dakika moja. Unapofika mahali pa kugeuzia, wakati maji yamepwa kabisa, piga picha ya mstari wa maji ukiwa na kitu kisichosogea ndani ya picha, na uandike kando yake kimo kilichotajwa na jedwali. Fanya hivyo pia penye rasi au mdomo wa mto: maji yalifika wapi, saa ngapi, katika kimo gani. Mahali pale pale, siku ya hali ya hewa tulivu, kimo cha mita 0.8 kitauacha wazi mwamba ule ule mwezi ujao na mwaka ujao, mradi mchanga wenyewe haujahamishwa na dhoruba, na mwenzako atakapokuuliza kama Jumamosi ya tarehe fulani mnaweza kupita pale na watoto, utafungua jedwali, utasoma tarakimu moja, na utamjibu.